Mgawa Majina wa Kigango Chetu

Naanza na mikono yake, maana ndiyo iliyonishinda. Kucha ndefu, za njano, ya kidole gumba imepinda kama mdomo wa kunguru. Katekista wetu akiwa mbele ya watu wa mafundisho, benchi zimejaa, alikuwa anavua kiatu, anapandisha mguu juu ya goti, anachokonoa funza kwa mwiba wa mlimau. Anachokonoa huku anafundisha. "Mungu ni nani? Krrm! Mungu ni Roho kamili." Funza anatoka, anamwinua kwenye mwanga, anamtazama vizuri kama mtu anayetazama mtaji wake, anamfuta ukutani. Halafu mwiba ule ule, jamani, mwiba ule ule anauingiza mdomoni kutoa nyama ya jana.

Sisi wanawake wa benchi la nyuma tulikuwa tunabanana magoti. Siku moja mwenzetu mjamzito alishindwa, akatoka mbio, akatapika kwenye maua ya Bikira Maria. Katekista akamnyooshea ule mwiba. "Mnaona? Shetani akisikia neno, hakai."

Ptu! Mpaka leo nikikumbuka, mate yananijaa.

Kukohoa ndiko kulikokuwa saini yake. Krrm! Hasemi neno mpaka akohoe, na akimaliza kukohoa kuna kitu kinabaki mdomoni ambacho lazima kiende mahali. Kinaenda dirishani. Ukipita nje ya kigango wakati wa mafundisho, unapita mbali. Mimi nilijifunza kumwiga nikiwa msichana, na sijaacha. Tukiwa shamba, wenzangu wakichoka wananiambia, "Tuletee Katekista." Naweka jembe chini, natoa tumbo mbele, nashika kiuno. "Krrm! Tumsifu Yezu Kristu. Mungu haoni kwa macho, anaona kwa katekista." Wanaanguka kwenye matuta. Maneno hayo si yangu, ni yake, aliyasema kanisani bila kucheka. Wakati mmoja nilikuwa namwiga nyuma ya mgomba, mbwa wake akatoka mbio huko, mkia juu, akanilamba miguu. Alipoinua uso akaona ni mimi, akaondoka na aibu.

Na kula! Msiba ukitokea hapa kijijini kwetu Keza, kabla jirani hajajua nani kafa, Katekista kashafika. Anakaa karibu na jiko. Hakai na wanaume nje, hapana, anakaa pale moshi unapotokea, macho yanamtoka machozi, watu wanafikiri analia. Kuku akiletwa, anabariki, na mkono wa kubariki unashukia kwenye paja. Anavunja mfupa, anafyonza, fyuu, anaulaza mfupa kwenye sahani ya mwingine. Wanangu, nimeacha misiba mingapi na njaa yangu kwa sababu sahani yangu ililazwa mfupa wa Katekista.

Sasa huyo ndiye aliyekuwa anagawa majina.

Kwetu Wahangaza jina si la kuitia tu. Jina linasema. Mama akigombana na majirani, mtoto anayezaliwa mwezi ule anabeba ule ugomvi. Bibi yangu alimwita mwanawe Nzikobanyanka, maana yake najua wananichukia, kusudi kila jirani anayemwita mtoto aje kuchota maji awe ameungama mwenyewe. Kwa hiyo jina la kanisani nalo, likitoka, mtu wa kwetu haulizi linaandikwaje. Anauliza linasema nini. Jina lisilosema kitu ni chungu kisicho na kitako, utaliweka wapi?

Padre aliyejenga kigango chetu alikuwa Mwitaliano. Aliporudi kwao aliacha kalenda kubwa, nene kama kitabu, imetundikwa kwenye kachumba ka nyuma ya altare. Watakatifu wote wamo, kila mmoja na picha yake, maandishi ni ya Kiitaliano mwanzo mpaka mwisho. Mapadre waliofuata walikuwa wanakuja mara moja kwa mwezi, wanaharakisha, wakamwachia Katekista kazi ya majina. Mama anakuja na mtoto mgongoni, anapiga hodi. Katekista anaingia, anafunga mlango. Sisi nje tunasikia karatasi, fya, fya, fya. Anakaa. Anatoka.

"Krrm! Lorenso."

"Linasema nini, Katekista?"

"Kitabu kinasema: mchoma nyama."

Na huyo Lorenso mpaka sasa ana banda la mishikaki njia ya kwenda Kirushya. Msicheke. Nani atambishia Katekista wakati mtoto mwenyewe kamthibitisha? Biajo akaambiwa maana yake mshumaa, wazazi wakamkataza kucheza mvuani mpaka kaota ndevu. Roko akaambiwa mwenye mbwa. Baba yake alikuwa haogopi kitu duniani ila mbwa, lakini jioni ile ile alikwenda kutafuta wa kufuga.

Watu wa halmashauri ya kigango watoto wao walipata majina matamu. Mwenye maua. Mwenye taji. Nikawa najiuliza, hivi hiyo kalenda inajuaje nani kaleta mkungu wa ndizi?

Mimi nilizaa nyumbani kwa baba yangu. Baba wa mtoto alikuwa mnunuzi wa maharage kutoka Biharamulo. Alinunua, akapakia, akaondoka, mimi nikabaki na mzigo ambao hakuupima. Siku hizo mtoto kama huyo habatizwi Pasaka na wenzake. Anabatizwa Ijumaa mchana, kwa mlango wa ubavuni, bila wimbo. Na kabla ya hapo mama anafyeka majani ya kigango Ijumaa nne, mtoto mgongoni, wenye ndoa wanapita na kusema pole kwa pua. "Pooole." Hivyo. Nilifyeka. Ijumaa ya nne nikasimama mlangoni, jasho linanichuruzika, wanawake wamejipanga kusikiliza kama wanasikiliza redio.

Fya, fya. Akatoka.

"Krrm! Kalojero."

Nikaona ni jina zuri. Lina mwendo. Nikauliza, "Linasema nini?"

"Kitabu kinasema: wa kuokotwa."

Nyuma yangu nikasikia mtu anavuta pumzi. Nikamwambia, "Katekista, huyu sikumwokota, nilimzaa. Muulize mkunga, bado mkono wake una alama za meno yangu."

Akanitazama, kaweka kidole kile chenye ukucha wa kunguru kwenye paji la mwanangu. "Ng'ombe hachagui kamba, na mtoto hachagui jina."

Tangu siku hiyo kila msichana aliyezaa nyumbani akaleta mtoto wa kiume, jina ni Kalojero. Wakafika saba. Ikawa kama alama ya moto kwenye ubavu wa ng'ombe, ukimwona tu unajua katoka zizi gani. Na mimi je? Kwetu mwanamke akizaa jina lake linakufa, anaitwa mama wa mtoto. Mama Kalojero. Sokoni, kisimani, jumuiya, kote. Watu wakiniamkia wananitukana, na mimi naitika.

Mwanangu alipokuwa na miaka kama saba, alirudi kutoka kuchunga mbuzi akakaa karibu na mafiga. Wenzake walikuwa wamemwimbia, uliokotwa njia panda au uliokotwa kisimani. Akaniuliza, "Mama, ulinikuta wapi?"

Mimi ni mtu wa mzaha, nilizaliwa hivyo, hata kwenye kitanda cha uzazi nilimwigiza mkunga. Siku ile nilitafuta mzaha nikaukosa. Nilimwambia, "Kula." Ndilo jibu nililompa mtoto wangu. Kula.

Alivyopata ndevu tu akaondoka. Akaenda Nyarubungo, huko Biharamulo, akajifunza kutengeneza pikipiki. Huko wanamwita Fundi, au Baba Neema. Kwangu anakuja Krismasi, analala siku mbili, kigangoni haingii. Akinipigia simu anasema, "Mama, ni mimi." Hajawahi kusema ni nani.

Mngependa niwaambie huyo Katekista alikuwa shetani moja kwa moja, tumalize. Nami ningependa. Lakini kuna mwaka uliingia ugonjwa wa kuhara, watu wanakufa wakiwa wameshika milango. Ndugu walikuwa hawaingii kwa ndugu. Mama yangu mzazi akafa alfajiri, na hali aliyofia siwezi kuisema mbele ya watu. Kaka zangu wamesimama huko kwenye migomba, wananipungia mikono. "Tupo, dada! Tupo!" Mpo wapi? Mara nasikia krrm! Katekista huyo, kabeba ndoo mbili za maji na sabuni ya kipande, kakunja suruali. Akaingia. Akamwosha mama yangu kwa mikono ile ile, polepole, huku anamsemesha. "Geuka, dada yangu. Hivyo. Tunamaliza sasa." Kamwosha mpaka katikati ya vidole. Nikamletea maji ya kunawa na jivu, akanawa, akaondoka kwenda nyumba ya pili. Hakuomba hata ndizi.

Kwa hiyo nilibaki na mtu ambaye siwezi kula naye na siwezi kumlaani. Hilo lenyewe lilinichefua. Mtu angechagua upande mmoja akakaa!

Basi. Miaka imekwenda, Katekista akazeeka, miguu ikamgomea, binti yake aliyeolewa Kirushya akamchukua. Mimi hapa Keza nikasema nimepumzika.

Wapi. Neema, mjukuu wangu, binti wa Fundi, akaposwa. Wazee wa kijana ni watu wa huku Ngara. Wakafika Nyarubungo, wakakaa, wakapewa soda, wakaanza kuuliza uliza. Binti anaitwaje kamili? Neema Kalojero. Mzee mmoja akaweka chupa chini. "Kalojero? Si ndilo jina la watoto wa kuokotwa?" Wakasema watakwenda kufikiri kwanza. Mwanangu akanipigia, sauti imekauka. "Mama, Jumatatu nakwenda Biharamulo mjini kwa mwanasheria. Nala kiapo, nalifuta hilo jina, kwangu na kwa watoto. Nimekwambia usije kusikia kwa watu."

Nikasema sawa.

Wiki ile ile mguu ukaniuma, nikaenda zahanati ya watawa. Nesi ananiandikisha, ananiuliza, "Bibi, ndugu wa karibu ni nani?" Nikamwambia, mwanangu, Kalojero. Palikuwa na mtawa mzee wa kizungu anapita na beseni. Beseni likatua chini, pwaa!

"Kalojero?" Kanishika mabega. "Bibi, wewe nasema Kalojero? Baba yangu Kalojero! Ndugu yangu Kalojero! Ile mtu nauza samaki mlango yetu, Kalojero!"

Nikamwambia, pole sana dada, huko kwenu mliokotwa wengi.

Hakuelewa. Nesi akamweleza. Yule mtawa akakaa kwenye benchi kando yangu, akaniambia polepole, kwa kile Kiswahili chake kinachorukaruka. Kwao ni kisiwa, kusini kabisa ya Italia. Jina lenyewe hata si la Kiitaliano, lilitoka kwa Wagiriki. Neno la kwanza ni mzuri, mwema. La pili ni mzee. Wagiriki walikuwa wanawaita hivyo watawa wao wanaokaa peke yao milimani, mzee mwema, kwa heshima. Mmoja wao alikaa kwenye pango la kisiwa chao, akaponya wagonjwa, jina likamganda, watu wakaanza kuwapa watoto. "Kalojero ni uzee mwema, bibi. Mama nampa mtoto, nasema: wewe zeeka vizuri."

Nililia kwenye ile benchi mpaka nesi akadhani ni mguu.

Nikampigia mwanangu hapo hapo nje ya zahanati. Nikamweleza yote, na kwa ujinga wangu nikamweleza kwa sauti ya yule mtawa. "Baba yangu Kalojero! Ile mtu nauza samaki!" Siwezi kueleza mtu bila kumtoa sauti, ndivyo nilivyo.

Akasikiliza. Akasema, "Mama, umeshaanza."

"Sijaanza! Ni kweli!"

"Mama. Tangu nikiwa mdogo unanichekesha nisilie. Asante. Lakini sasa nina miaka inakaribia hamsini. Acha."

Akakata.

Hapo ndipo nilipoona. Watu wa kwetu wote, pamoja na mwanangu, wanaamini neno la mtu mmoja, na mtu huyo bado anapumua Kirushya. Akifa, ukweli umekufa naye. Jumamosi asubuhi nikapanda bodaboda, mguu wangu umenyooka pembeni kama ubao.

Binti yake alinipokea vizuri. "Karibu mama. Baba yupo ndani. Masikio yapo, akili ipo, miguu ndiyo haipo."

Nikaingia. Harufu ikanipokea kabla yake: ugoro, mkojo, na moshi. Kalala kwenye kitanda cha kamba, kawa mdogo kama kifaranga aliyenyeshewa, lakini kucha! Kucha ziliendelea kukua, jamani. Sahani ya ndizi na maharage iko kifuani.

"Shikamoo Katekista." Niliitoa kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kooni.

"Marahaba. Krrm! Nani huyo?"

"Mama Kalojero."

"Yupi? Mama Kalojero wapo wengi."

"Wa kwanza."

Akachukua ndizi kwenye sahani yake, akaiponda kwa vidole vyake, akaichovya kwenye mchuzi, akaiviringisha, akaviringisha tena, akaninyooshea. "Karibu chakula."

Nyinyi mnajua kwetu. Mzee akikupa chakula kwa mkono wake ukakataa, umemwambia mchawi wewe, umetia sumu. Na mimi nimekuja kuomba. Nikalitazama lile tonge, lina alama za kucha. Binti yake ananitazama. Nikafungua mdomo. Nikatafuna, lilikuwa la vuguvugu. Nikameza. Nikasema asante.

"Sasa Katekista, nimekuja na swali moja. Kalojero linasema nini?"

"Kitabu kinasema: wa kuokot..."

"Kitabu gani? Wewe ulijua Kiitaliano?"

Binti yake akaacha kufagia. "Baba, ulikuwa unajua?"

"Nilijua," akasema. "Neno moja. Mangia. Padre alikuwa ananiambia nikifika mezani. Mangia, mangia. Maana yake kula."

Si nilisema!

"Na hayo majina mengine yote?"

"Nilikuwa natazama picha." Kasema hivyo, taratibu, kama mtu anayesema nilikuwa natazama mvua. "Watu wanasubiri nje. Wanataka maana. Nikiwaambia sijui, wataniitaje katekista? Lorenso alikuwa amesimama na chuma cha kuchomea nyama. Biajo ana mishumaa miwili. Roko ana mbwa anamlamba mguu. Nilikuwa nasema nilichokiona. Sikudanganya, nilisema nilichokiona."

"Na Kalojero uliona nini?"

Akageukia ukutani.

"Katekista, uliona nini?"

"Alikuwa mweusi."

Binti yake akasema, "Mweusi?"

"Mweusi kama chungu. Wote weupe, kalenda nzima, yeye peke yake mweusi, ndevu nyeupe, kavaa kanzu. Nikamtazama sana. Nikasema, huyu anatafuta nini humu? Hawezi kuwa wa kwao. Atakuwa mtumishi. Wamemwokota mahali, wakamwonea huruma, wakamsimamisha hapo." Kakohoa, safari hii hakutema, kameza. "Nilikuwa naona haya, Mama Kalojero. Padre akiingia naugeuza ule ukurasa haraka, asije akaniona namtazama."

Nilimtazama yeye sasa. Ngozi yake, mikono yake, kidevu chake chenye ndevu nyeupe. Huyu mtu mweusi kuliko mimi, mweusi kuliko sufuria ya msibani. Nilikuwa nimechukia funza zake na mifupa yake maisha yangu yote, lakini kinyaa kilichonipanda pale hakikuwa cha tumboni. Mtu anafungua kitabu cha wageni, katika nyuso zote anakutana na uso wa baba yake mzazi, na anasema, huyu ameokotwa. Halafu anautoa nje, anautundika kwenye shingo za watoto wetu.

Nikatoa simu yangu ya kitochi. "Utamwambia mwanangu. Sasa hivi."

"Siwezi. Nikimwambia mmoja watakuja wote. Lorenso atakuja."

"Lorenso anauza nyama, anakula vizuri, hana haja na wewe."

"Roko atakuja!"

"Aje na mbwa!"

Binti yake akaja akakaa kitandani, akamfuta midomo kwa kanga. "Baba, sema. Huko unakokwenda utaulizwa na anayejua Kiitaliano."

Hilo likamwingia. Akanyoosha mkono. Nikapiga, nikampa.

"Krrm! Tumsifu Yezu Kristu," akasema kwenye simu. "Hapa ni Katekista wa zamani wa..."

Nikasikia sauti ya mwanangu imekasirika mpaka inatoka nje ya simu. "Mama, acha! Nina pikipiki ya mtu hapa nimeifungua yote. Acha kabisa!"

Katekista akaitazama simu. "Ananiita mama."

Hapo nilitaka kucheka na kulia. Miaka yangu yote ya kumwiga yule mtu shambani ndiyo imekuja kuniziba mdomo. Nimemwiga vizuri mno, sasa mwenyewe haaminiki! Nikaona hakuna njia isipokuwa moja, sauti mbili kwa wakati mmoja hata mimi siwezi. Nikamwambia, "Sema wewe, usinyamaze hata nikifanya nini." Nikainama karibu na simu, nikaanza kumtukana.

"Ile kalenda sikujua kuisoma," yeye anasema, na mimi nasema mzee mchafu wewe. "Nilitazama picha," na mimi, mla misiba wewe. "Jina lile si la kuokotwa, mimi ndiye niliyesema," na mimi, mfyonza mifupa, mchokonoa funza, ulinifyekesha majani Ijumaa nne na mtoto mgongoni! Anasema na machozi yanashuka, na mimi natukana na machozi yanashuka, binti yake kashika kichwa. Tukamaliza pamoja, pumzi hatuna.

Kwenye simu tukasikia kuku wa huko Nyarubungo.

Halafu mwanangu akasema, "Shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Huyo mzee wa kwenye picha. Alikuwa amesimama na nini?"

"Na paa. Paa kachomwa mshale, kaja kwake, kamlalia miguuni."

"Amenuna?"

"Nani?"

"Mzee."

Katekista kafumba macho, akaiangalia ile kalenda ya zamani huko ndani yake. "Hapana. Anamtazama paa. Kaweka mkono juu ya jeraha."

"Wengine uliowapa ni wangapi?"

"Sita na wewe saba. Mmoja alikufa angali mdogo. Mama zao wote nawajua."

"Mpe mama simu."

Nikaichukua. Imelowa. Nikasema, "Naam."

"Hao watano, waulizie wanakaa wapi. Waambie kuna mtu Nyarubungo anawatafuta, ana neno lao."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu si nimekwambia nina pikipiki ya mtu?"

"Haya. Sasa nikiwakuta niseme anayewatafuta ni nani? Niseme Fundi?"

Nikasikia spana inawekwa chini.

"Sema Kalojero."

"Kalojero yupi? Wapo wengi."

"Wako, mama."